Jibu: Kurahisisha (2x³y⁻²)² × 3x⁻¹y⁵ ÷ 6x²y³

Ndugu, umepata x²y² na kitabu kinasema 2x³/y². Kitabu kiko sahihi, na tatizo lako lote liko kwenye mabano ya mwanzo.

Uliandika (2x³y⁻²)² = 2x⁵y⁰, yaani umejumlisha vipeo na ile 2 ya mbele ukaiacha ilivyo. Sasa yafungue mabano hayo taratibu: (2x³y⁻²)(2x³y⁻²). Namba ni 2 × 2 = 4. Kwa x ni 3 + 3 = 6, kwa y ni −2 − 2 = −4. Kwa hiyo ni 4x⁶y⁻⁴. Kipeo kilicho nje ya mabano huzidishwa na kila kipeo kilichomo ndani, na namba nayo haiponi. Kujumlisha ni pale tu x inapozidishwa na x nyingine.

Zidisha kwa 3x⁻¹y⁵, unapata 12x⁵y. Gawanya kwa 6x²y³, ukitoa vipeo: 2x³y⁻².

Hiyo y⁻² haimaanishi jibu ni hasi (wengi hunasa hapa). Ulikuwa na y moja juu na tatu chini. Zikifutana, chini zinabaki mbili. Ndiyo maana 2x³/y².

Ukiwa na shaka, weka x = 2 na y = 2. Swali lenyewe linatoa 4, jibu la kitabu 4, lako 16. Usijaribu kwa 1, maana 1 ikiwa na kipeo chochote inabaki 1 na makosa ya vipeo yanajificha.