Neno "vaccine" lina uhusiano gani na ng'ombe?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili anasema neno la Kiingereza "vaccine" maana yake ni ng'ombe. Ni kweli? Na je, chanjo za watoto hutokana na ng'ombe?

JIBU: Amekaribia sana, mzazi mwenzangu. Kwa Kilatini vacca ni ng'ombe jike, na vaccinus ni "-a ng'ombe". Daktari Edward Jenner wa Berkeley, Uingereza, katika kitabu chake cha 1798, aliita ndui ya ng'ombe variolae vaccinae, na hapo ndipo neno lilipoanzia.

Wakamuaji wa huko walikuwa wakiambukizwa vidonda mikononi kutoka kwenye chuchu za ng'ombe, na watu walisema ndui yenyewe, ile iliyoua na kupofusha, haiwapati tena. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua majimaji ya kidonda mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja nayo James Phipps, mtoto wa miaka 8. Julai akamtia usaha wa ndui halisi, na mtoto hakuugua. Jaribio kama hilo leo haliruhusiwi, na ni haki lisiruhusiwe.

Mwanzoni, basi, neno lilihusu ndui tu. Mwaka 1881, kwenye mkutano wa madaktari jijini London, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliomba litumike kwa kinga zote za namna hiyo kwa heshima ya Jenner, ingawa yeye alikuwa akishughulika na kipindupindu cha kuku na kimeta.

Kiingereza kilishika asili ya dawa. Kiswahili kikashika kazi ya mkono, maana kuchanja ni kutoja ngozi kwa wembe. Nalo neno letu limevuka asili yake: kliniki tunamdondoshea mtoto matone mawili ya polio mdomoni, ngozi haiguswi, na kwenye kadi tunaandika chanjo.

Chanjo nyingi hazitokani na ng'ombe. Ila BCG, ya kifua kikuu, ina nasaba naye. Kijidudu chake ni Mycobacterium bovis, na bovis ni Kilatini pia, "wa ng'ombe". Wanasayansi Calmette na Guérin, huko Lille, Ufaransa, walikiotesha upya mara 230 kwa miaka 13, kwenye viazi vyenye gliserini na nyongo ya ng'ombe, hadi kikaisha makali. Kama mwanao alipata BCG utotoni, mwonyeshe kovu lake dogo la mkononi: hapo kijidudu cha ng'ombe kilipita kweli.