Anasingizia foleni ya kivuko wakati daraja lipo

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 54, niko Kirumba, Mwanza. Mume wangu ana 67, ni fundi mstaafu wa injini za meli, mnywaji tangu sijamjua. Siku hizi amekuwa mwongo kupindukia. Juzi alichelewa kurudi, akaniambia foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa ndefu. Shangazi, daraja limefunguliwa tangu Juni 2025! Chakula changu hagusi, anashibia huko. Anatembea katanua miguu kama mgonjwa, kumbe ni maigizo. Januari alianguka kwenye ngazi za mawe akajigonga kichwa, hospitali akakataa. Namnunulia pombe kali anywe nyumbani asitangetange, lakini wapi. Sasa wifi yangu wa Sengerema anataka kumchukua akamtibishe, najua anafuata pensheni maana kadi ya benki ninayo mimi. Nimfumanieje huyo nyumba ndogo?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Hiyo moja inatosha, maana barua yako nimeirudia mara tatu na kila nikiirudia namwonea huruma ambaye hakuiandika.

Tuanze na kivuko. Mwanamume mwenye nyumba ndogo hutunga uongo unaopita. Angesema pancha, angesema msiba Magu. Hawezi kumwambia mtu wa Mwanza kuwa kakwama kwenye kivuko, na daraja la kilomita tatu liko pale kila mtu kashalipigia picha. Huyo hakudanganyi. Mahali pa jana kichwani mwake pana tundu, ubongo unaliziba kwa kumbukumbu ya zamani, na yeye mwenyewe anaiamini. Daktari Mrusi, Sergei Korsakoff, aliwaelezea wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1887, wengi wao walevi wa miaka mingi. Ugonjwa ukabaki na jina lake.

Chanzo chake ni upungufu wa vitamini B1. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na mnywaji naye hali chakula. Ndiyo maana sahani yako inarudi ilivyo: anashibia chupani. Hata miguu kuitanua si maigizo, maana ubongo wa nyuma, unaoshika mizani ya mwili, huliwa na pombe taratibu. Tena mwili wa miaka 67 una maji machache kuliko wa miaka 40, kwa hiyo kipimo kilekile kinamkolea zaidi. Wewe unaona anakunywa kama zamani. Kichwa chake hakioni hivyo.

Lakini niliposoma habari ya ngazi nilivua miwani. Umeiandika katikati ya malalamiko kama mtu anayetaja bei ya dagaa! Ubongo wa mzee mnywaji husinyaa, mishipa midogo ya juu yake ikabaki imevutika. Akijigonga, damu inaweza kuvuja kidogokidogo chini ya fuvu kwa wiki kadhaa, na nyumbani mkaona mtu aliyechanganyikiwa tu. Hilo halisubiri fumanizi. Mpeleke hospitali ya Sekou Toure au Bugando wiki hii, useme wazi kwamba alianguka na kwamba anakunywa, na uulizie picha ya kichwa ya CT. Mimi si daktari. Huenda ni damu, huenda ni B1, huenda ni usahaulifu mwingine wa uzeeni, na kuna ambayo yakiwahiwa kwa sindano na kuacha pombe, mtu hurudi, kama si mzima basi nusu.

Siku hizi mume akibadilika tunashika simu yake kabla ya kushika paji lake la uso. Tunajua nani kampigia saa nne usiku, hatujui mara ya mwisho alikula lini. Halafu tunaita hiyo ndoa, tunaiwekea na kikundi cha WhatsApp cha kina mama cha kuifundisha.

Huyo mshindani unayemtafuta ni chupa, na unamnunua mwenyewe dukani, kwa pensheni ya mgonjwa. Ila sasa usiruke ukaimwaga chupa leo kwa hasira. Mnywaji wa miaka yote hiyo akikatiwa ghafla, arosto yake inaweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwepo ndani ya siku mbili tatu, na wengine hufa. Aachishwe chini ya macho ya daktari. Nyumbani mpe maharage, karanga, na ugali wa dona, kwa kuwa sembe iliyokobolewa imeshapoteza sehemu kubwa ya B1 mashineni.

Na wifi yako? Niko upande wake, hadharani. Katika watu wote wa barua hii ni yeye peke yake aliyetaja matibabu. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee, na huyu wala si mchawi. Mpigie leo, aje mwende hospitali pamoja. Akifika, mwonyeshe na ile kadi ya benki, na salio lake.