Usiuamini Mwamba kwa Kipande Kimoja: Kupima Mwendo wa Maji Katika Nyufa za Matumbawe ya Malindi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima visima katika viunga vya Malindi, kuanzia Gede hadi Mayungu na mitaa ya mji wenyewe, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye viwanja ni hili: "Mwamba wangu unapitisha maji kiasi gani?" Swali hilo ni la haki, lakini halina jibu moja, kwa kuwa jibu hubadilika kulingana na ukubwa wa sehemu ya mwamba iliyopimwa. Kipande kinachoenea mkononi husema jambo moja, kisima kizima husema jingine, na eneo la mita mia kadhaa husema la tatu, nayo yote matatu huweza kuwa kweli.

Nililijifunza jambo hili Mayungu. Familia moja ilitaka kujua kama kisima chao kingedhurika iwapo jirani angechimba shimo la maji machafu umbali wa mita 40. Tulichukua vipande vya mwamba vilivyotoka shimoni, tukavipeleka maabara, na majibu yakaonyesha kwamba, kwa mteremko mdogo wa maji ya chini uliopo pale, maji yangehitaji makumi ya miaka kuvuka umbali huo. Mzee mmoja mchimba visima, aliyekuwa amekaa kivulini akitusikiliza, aliniambia, "Mwanangu, jiwe hili si sufuria ya kuvuja polepole. Maji yana njia zake humu." Kwa ajili ya heshima yake, na kwa sababu maneno yake yalinikosesha usingizi, tulirudi tukiwa na rangi ya fluoreseini, ambayo huonekana kijani hata ikiwa kidogo sana majini. Kwa ruhusa ya wenyewe tuliimimina katika kisima cha zamani kilichoachwa, kilichokuwa karibu umbali uleule, kisha tukaendesha pampu ya kisima cha familia. Kesho yake asubuhi maji yaliyotoka yalikuwa na rangi. Ni kweli kwamba pampu iliongeza mvuto, lakini mvuto huo peke yake hauwezi kugeuza makumi ya miaka kuwa usiku mmoja.

Maabara haikukosea hesabu. Tuliokosea ni sisi tuliochagua vipande. Mwamba unapotolewa shimoni, sehemu yenye nyufa huvunjika na kuwa kokoto, na kinachobaki kizima, kinachofaa kupimwa, ni kile hasa kisicho na ufa. Kwa hiyo kipimo cha maabara huwa kimeziacha nje njia za maji hata kabla ya kuanza. Upungufu huo si mdogo, maana katika ufa ulio laini maji hupita kwa kipeo cha tatu cha upana wake: ufa wa milimita 2 hupitisha mara 8 ya ufa wa milimita 1, na ufa mmoja wa milimita 1 hupitisha sawa na nyufa 1,000 za sehemu ya kumi ya milimita. Ufa mmoja mpana ukikukwepa, umekwepwa na karibu maji yote. Katika mwamba wetu wa matumbawe, ambao ni chokaa, hali huzidi, kwa sababu maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa udongoni, yakawa na uchachu kidogo, yakaila chokaa na kuzipanua nyufa mwaka baada ya mwaka.

Henry Darcy alipotoa kanuni yake ya mwendo wa maji ardhini mwaka 1856 huko Ufaransa, alipima maji yakipita katika mchanga, na mchanga una wema wake: ukichota konzi moja au ukajaza gari, tabia haibadiliki sana. Mwamba wenye nyufa hauna wema huo. Kila unapopanua eneo la kipimo unakutana na nyufa kubwa zaidi na zilizoungana zaidi, na ndiyo maana kiwango cha kupitisha maji huelekea kupanda kadiri kipimo kinavyopanuka. Usishangae kisima kikitoa jibu lililo mara mia au zaidi ya lile la kipande, wala usichukue wastani wa majibu hayo mawili, kwani wastani huo hausemi lolote.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuanza na swali kabla ya kifaa. Ukitaka kujua ufa upi katika kisima ndio unaotoa maji, funga sehemu fupi ya shimo kwa mipira inayojazwa upepo na usukume maji humo. Maurice Lugeon wa Uswisi aliacha kipimo chake kwa kazi hii, yaani lita 1 kwa dakika kwa kila mita 1 ya shimo chini ya shinikizo la bar 10. Ukitaka kujua kisima kitakulisha vipi, kivute kwa pampu kwa kiasi kisichobadilika kwa saa 24 au zaidi, na upime pia maji yanavyorudi baada ya kuzima. Na uwe na visima vya kutazamia katika pande zaidi ya moja, kwa sababu nyufa huwa na mwelekeo: nimeona kisima kilicho umbali wa mita 60 kikishuka upesi huku kilicho umbali wa mita 20, upande mwingine, kikiwa kimetulia kabisa.

Hapa pwani kuna jambo ambalo mafundi watokao bara husahau, nami pia nililisahau siku zangu za mwanzo: bahari nayo huvuta na kusukuma. Niliwahi kuandika kwamba pampu ilishusha kisima kimoja kwa sentimita 30, kumbe sehemu kubwa ya mshuko huo ilikuwa ni maji kupwa. Tangu hapo sianzi kuvuta kabla ya kupima kisima kikiwa kimetulia, kila nusu saa, kwa muda usiopungua saa 25, ili nione kujaa na kupwa mara mbili.

Vipimo hivyo, ukivitunza, vinakupa zawadi ambayo hakuna pampu iwezayo kuitoa. Wimbi la kujaa huingia ndani ya mwamba, likipungua na kuchelewa kadiri linavyoiacha bahari. Pima limepungua kiasi gani na limechelewa muda gani katika visima viwili au vitatu vilivyo katika mstari kutoka ufukweni, na utakuwa umepima mita mia kadhaa za mwamba kwa gharama ya utepe na subira. Fanya hivyo wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa, kisha urudie wakati wa maji mafu, ambapo ni ndogo. Kisima cha mbali kikipokea wimbi mapema kuliko cha karibu, kuna ufa mpana unaokifikia moja kwa moja.

Ufa wa namna hiyo ni njia ya chumvi pia. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari husimama juu ya takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukishusha nusu mita kwa kuvuta, baada ya muda mpaka wa chumvi huelekea kupanda kama mita 20, na penye nyufa pana haungoji muda mrefu.

Ile familia ya Mayungu ilizungumza na jirani, naye akakubali kujenga tangi lililozibwa chini. Pampu yao tuliipandisha juu ya ufa mkubwa na kuipunguzia kasi, na binti yao wa pili huandika kina cha maji na kiwango cha chumvi kila bamvua katika daftari linalotundikwa mlangoni mwa chumba cha pampu.