Laptopu ya bei ya kati kwa kazi za video: niliyoyaona baada ya kuitumia

Mwaka 2022 nilinunua laptopu Kariakoo kwa shilingi 1,650,000. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kupiga na kuhariri video za send-off na harusi, na hela hiyo ndiyo iliyobaki baada ya kununua kamera. Stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi ilisema: Core i5-1135G7 (hiyo ni prosesa, ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 512, kioo inchi 15.6 Full HD. Kampuni siitaji, kwa sababu mashine za daraja hili zinafanana mno, kwa uzuri na kwa kasoro, iwe ya nani. Vijana wanaoanza kazi hii wananiuliza kila mara wanunue ipi. Naanza na kioo, maana ndicho kilichoniumiza.

Harusi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Mbagala. Nilikaa siku nne nzima kwenye kurekebisha rangi peke yake. Uso wa bibi harusi nilikuwa nauona umepauka, nikaongeza wekundu, nikalala, asubuhi nikauona bado umepauka, nikaongeza tena. Nikapeleka flashi nyumbani kwao, ikachomekwa kwenye TV ya sebuleni, ukoo mzima umekaa. Mama wa binti aliangalia kama dakika mbili akanigeukia taratibu: "Mwanangu, mbona mtoto wangu amekuwa mwekundu hivi, kama anapaka mkorogo?" Na kweli, pale kwenye TV alikuwa mwekundu. Nikamwambia, "Naomba unisamehe mama, naenda kuirudia yote." Akanijibu, "Haya baba, rudia, hii ndiyo kumbukumbu yetu." Sijaisahau sauti yake.

Tatizo lilikuwa hili. Vioo vingi vya laptopu za bei hii vina kipimo kinachoandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha zamani cha wigo wa rangi za TV. Kwa lugha nyepesi, vinaonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, wigo wa rangi ambao ndio msingi wa picha na video nyingi za mtandaoni. Nyekundu iliyokolea kioo hakina, kwa hiyo unaiongeza kwenye faili ambalo tayari linayo. Kupima na kurekebisha kioo kwa kifaa cha rangi kunasaidia kunyoosha zile rangi zilizopo, lakini rangi ambayo kioo hakina huwezi kuizalisha.

Unapoulizia, uliza kama kioo kinafikia asilimia 100 ya sRGB. Muuzaji mara nyingi hajui, si kosa lake. Geuza mashine, soma namba kamili ya modeli chini, kaitafute mwenyewe, kwa sababu jina moja la laptopu linaweza kutoka na vioo viwili au vitatu tofauti. Usipopata jibu, nenda na picha yako kwenye flashi. Mimi natumia picha ya shangazi yangu amejifunga kanga nyekundu. Naifungua kwenye laptopu na kwenye simu yenye kioo cha AMOLED (aina inayoonyesha rangi zilizokolea), naziweka ubavu kwa ubavu. Simu nyingi hukoleza rangi kidogo, hilo lijue, lakini kanga ikitoka rangi ya tofali kwenye laptopu, hiyo mashine si ya kazi ya rangi. Kisha iinamishe nyuma na mbele. Sura ikigeuka kama negativu ya zamani, kioo hicho ni cha TN, aina inayogeuza rangi ukiitazama kwa pembe, kiache.

Mimi nilitatua kwa kununua monita ya mtumba ya IPS (aina ya kioo inayoshika rangi hata ukiitazama kwa pembe), inchi 24, nikaiunga kwa HDMI. Rangi zote nafanyia pale. Kioo cha laptopu kimebaki cha kukatia klipu.

La pili ni RAM. GB 8 hazitoshi kwa video, hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana ni namna zilivyokaa. Laptopu yangu haina kadi ya grafiki ya pembeni, inatumia grafiki ya ndani ya prosesa inayoitwa Iris Xe, nayo inaazima RAM ya mashine. RAM ikiwa kijiti kimoja, njia ya kupitisha data inakuwa nusu. Tena Windows yenyewe ilikuwa inanionyesha UHD Graphics, jina la Iris Xe halikuwepo kabisa, nikadhani nimeuziwa kitu kingine. Fundi akafungua kifuniko cha chini, akapachika kijiti cha pili cha GB 8, tukawasha, jina likabadilika palepale. Kukata klipu zenye tabaka mbili tatu kukawa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: nafasi ya pili ya RAM ipo? Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Sasa joto. Dar mwezi wa pili, chumba cha bati, mchana. Prosesa yangu imeandikwa inafika GHz 4.2, hicho ni kipimo cha kasi yake, na dakika za mwanzo za kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inapanda kweli juu ya 3.5. Baada ya dakika kumi feni inapiga kelele kama kikaushia nywele, na ukitazama Task Manager ya Windows unaona namba inashuka: 2.8, 2.3, 1.9. Hapo mashine inajipunguza yenyewe isiungue. Ni kawaida, ila laptopu mbili zenye prosesa ileile zinatofautiana sana hapo, kulingana na feni na mabomba ya kupoozea, na stika haikwambii. Nimeinua nyuma yake kwa vizibo viwili vya chupa ili hewa ipite chini, na kila baada ya miezi kama minane fundi anapuliza vumbi na kubadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa. Hewa ya pwani na vumbi vikikutana vinaganda kwenye feni kama ukoko.

Diski ipige hesabu kabla. SSD ya GB 512 kwenye Windows inasomeka kama 476, na bado mfumo na programu zinachukua sehemu yao. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa nne, ni GB 360. Harusi moja tu. Mimi nina diski ya nje, na faili za 4K nazitengenezea kwanza nakala nyepesi za kukatia. Kwa mashine za daraja hili, hilo limenisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonunua.

Nisiwe mchoyo wa sifa. SSD yenyewe ni ya kasi, programu zinafunguka upesi. Prosesa ina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video, kurenda video za H.264, mfumo wa kawaida wa kubana video, kunakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kibodi ni imara. Inafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Spika ziko chini, hazina besi, vaa hedifoni. Kamera yake ya mbele haifai.

Betri ni Wh 42, yaani inaweza kutoa wati 42 kwa saa moja. Wakati wa kurenda mashine inakula kama wati 30, kwa hiyo umeme ukikatika una saa moja na kitu. Ukinunua iliyotumika, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Inatoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ya sasa ikiwa chini ya nusu, toa bei ya betri mpya kwenye bei mliyopatana.

Leo ningekuwa na milioni moja, laki sita na nusu ileile, ningechukua mashine ya kizazi cha nyuma yenye kioo kizuri na nafasi mbili za RAM, na prosesa mpya ningewaachia wengine. Dukani ningekwenda mchana wa jua kali, na flashi yenye klipu ya 4K na ile picha ya shangazi. Ningemwomba kaka muuzaji dakika thelathini mashine irende huku nikiangalia namba. Akikataa, nashukuru, navuka barabara naingia duka la pili.