Linux ya kompyuta kuukuu: usikimbilie iliyo nyepesi kuliko zote

Laptopu ya mama ilikuwa na RAM ya GB 2, na diski yake ilikoroma muda mrefu kabla dirisha halijafunguka. Nikamwekea Linux, mfumo wa kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ile nyepesi kuliko zote nilizozijua, isiyo na kitu ila madirisha matupu. Iliwaka upesi ajabu. Siku ya tatu akapiga simu: "Mwanangu, intaneti imekwenda wapi?" Hapakuwa na alama ya Wi-Fi ya kubofya, ilitakiwa kuandika amri. Mashine niliipunguzia mzigo, nikamtwika yeye.

Tangu Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa, Oktoba 14, 2025, wengi wananiuliza waweke nini. Anayeanza namwelekeza Xfce, eneo-kazi jepesi (yaani menyu, upau na madirisha unayoyaona kwenye skrini), hasa ile inayokuja na aina ya Linux iitwayo Linux Mint: menyu kwenye kona ya chini, saa na Wi-Fi upande wa pili. Aliyezoea Windows hapotei. Xfce ipo tangu 1996 na haina tabia ya kugeuza sura kila mwaka, jambo ambalo kwa mtu mzima anayejifunza ni neema. RAM ikiwa ndogo sana, jaribu Lubuntu, Linux nyingine inayotumia eneo-kazi la LXQt.

Kwanza hakikisha prosesa ni ya biti 64. Lubuntu na ndugu yake Xubuntu, yenye Xfce, ziliacha biti 32 kuanzia toleo la 19.04, na Debian 13, Linux nyingine, nayo haina tena kisakinishi cha biti 32.

Kisha weka mfumo kwenye flashi na uuwashe kutoka humo, bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwangaza wa kioo. Funga kifuniko, ufungue, uone kama inaamka. Hapo ndipo laptopu nyingi za zamani hukwama. Kasi usiipime bado, maana flashi yenyewe huenda polepole.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika `free -h`, tazama safu ya "available", yaani RAM ambayo bado inapatikana. Fungua kivinjari, vichupo vitano, uandike tena. Nafasi itakuwa imeporomoka, na eneo-kazi halikuongeza kitu. Kinachokula RAM ni kivinjari. Ndiyo maana kuhangaika kati ya Xfce na LXQt siku nzima hakukupi mengi, lakini kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kunaigeuza kompyuta. Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, na RAM si chini ya GB 4, nunua hiyo SSD.

Ya mama niliitia SSD, nikapandisha RAM hadi GB 4, nikamsakinishia Mint ya Xfce. Upau wa chini niliunenepesha kidogo ili alama ya Wi-Fi aione bila miwani.