Uturuki ilijitoa, ilitengwa au iliondolewa?

Swali: Naandika habari za kimataifa redioni. Juzi niliandika kwamba mwaka 2019 Uturuki "iliondolewa" kwenye mradi wa ndege za kivita za F-35. Mhariri akasahihisha kuwa "ilitengwa". Mwenzangu naye akasema, kwa vile Uturuki yenyewe ndiyo iliyochagua makombora ya Urusi, tuseme "ilijitoa". Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe. Na nisingependa neno lako lifutwe, kwa sababu hayo mengine mawili yanageuza kisa chenyewe.

Nianze na "ilijitoa", maana ndilo linalopotosha zaidi. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake. Aliyejitoa katika chama cha kuzikana amefunga virago mwenyewe, hakusukumwa. Uturuki haikufunga virago. Iliingia ubia huo mwaka 2002, ikapanga kununua ndege 100, na viwanda vyake vilikuwa vikitengeneza vipuri zaidi ya 900 vya ndege hiyo. Ilitaka kubaki. Shehena ya kwanza ya S-400, yaani mitambo ya makombora ya kutungulia ndege kutoka Urusi, ilitua karibu na Ankara tarehe 12 Julai 2019, na siku 5 baadaye Marekani ikatangaza kwamba Uturuki haiwezi kuendelea na mradi, kwa hofu kwamba mitambo hiyo ingetumika kuchunguza siri za ndege iliyoundwa ili rada isiione kwa urahisi. Aliyenunua ni Uturuki. Aliyeondoa ni Marekani. Ni matendo mawili ya watenda wawili, na hiyo -ji- inayafanya moja.

"Kutengwa" nako kunapita kiasi. Mtu aliyetengwa kijijini haazimwi moto, salamu yake haiitikiwi, na akifiwa huchimba kaburi peke yake. Uturuki ni mwanachama wa NATO tangu 1952 na iliendelea kuwa mwanachama. Ilifungiwa mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi. Msikilizaji akisikia "Uturuki yatengwa" atadhani jumuiya nzima imeipa kisogo.

Hukuuliza kuhusu "ilienguliwa", lakini naliona mara nyingi na nalipenda sana neno hili. Nyama ikianza kuchemka, lile povu la kijivu hupanda juu, na mpishi huliengua kwa upawa kabla halijarudi kwenye mchuzi. Siasa zikaliazima: mgombea huenguliwa kabla jina lake halijafika kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo lina harufu ya kitu kinachoelea juu, ambacho hakijawa sehemu ya kinachopikwa. Uturuki ilikuwa ndani ya chungu kwa miaka 17. Hapo silitumii.

Jambo moja la kuangalia ni tarehe. Tangazo la Julai 2019 lilikuwa na hatua mbili: kuisimamisha Uturuki na kuanza utaratibu wa kuiondoa rasmi. Ukisimulia siku ile yenyewe, "ilisimamishwa" ndilo sahihi, kwani aliyesimamishwa bado hajatoka. Ukisimulia leo kisa kizima, andika "iliondolewa".

Jihadhari pia na "ilitolewa", kwa sababu toa ina nyuso mbili: kutoa zawadi na kutoa mwiba. Ukiandika "ndege za Uturuki zilitolewa", msomaji hajui kama nchi hiyo ilizipata au ilizikosa. Juni 2018, huko Fort Worth, Texas, Uturuki ilifanyiwa sherehe ya kupokea ndege yake ya kwanza. Hapo sema "ilikabidhiwa". Usiseme "ilipelekewa", kwa maana ndege hiyo ilibaki Marekani, ambako marubani wa Kituruki walikuwa wakifunzwa kuirusha, na haikufika Uturuki.