Kuambiwa hupasuliwi si kuambiwa ukafe

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Kongwa. Mama yake amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, na daktari ameandika rufaa aende Dar es Salaam akapate mionzi. Wajomba wamekaa kikao, wamekataa. Wanasema ungekuwa ugonjwa wa kupona si angepasuliwa, kizazi kitolewe, yaishe? Mionzi kwao ni ya mtu aliyekatiwa tamaa. Ananiuliza, "Dada, ni kweli?"

Si kweli, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu kikao kama hicho kilikaa kwetu Chang'ombe, mimi nikiwa chumba cha pili nasikia kila neno, na hadi leo yananiuma.

Kwangu ilianza damu baada ya tendo la ndoa. Inakuja kidogo, inapotea. Baadaye ukaja uchafu wa majimaji wenye harufu, halafu kiuno. Zahanati niliyokuwa naenda walinipa dawa za fangasi, kisha za yutiai, kisha za fangasi tena. Hakuna aliyenipandisha kitandani akaniangalia. Nilikuwa nashona Majengo nimekalia khanga iliyokunjwa, wateja wakija nasita kusimama. Hadi nesi mmoja wa kliniki ya mama na mtoto aliponiwekea kile kifaa cha kupanulia njia. Alinyamaza, akamwita mwenzake. Nikapelekwa hospitali ya rufaa, wakachukua kinyama cha kupima, na majibu yalipotoka nikaambiwa hatua ya 2B.

Hiyo namba ndiyo inayochagua tiba, wala si kikao cha ukoo. Saratani ikiwa bado ndogo na iko ndani ya mlango wa kizazi, upasuaji mara nyingi unatosha. Ikishavuka kuingia kwenye nyama za pembeni, kama ilivyokuwa yangu, kisu hakiwezi kuifuata yote. Utakatwa, mabaki yatabaki, na mionzi utapigwa vilevile, sasa ukiwa na kidonda. Ndiyo maana hapo tiba yenyewe ni mionzi pamoja na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, na inatolewa kwa nia ya kuponya. Hata hatua ya tatu hutibiwa hivyo. Kwa hiyo muulize daktari kwanza, mama yuko hatua ya ngapi? Ukishajua, mengi yananyooka.

Kwenye kikao chetu shangazi alisema magonjwa ya huko chini yana wenyewe. Mwingine akataka mume wangu aulizwe kama ananijua vizuri. Mimi, mke wa mume mmoja! Jamani, saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV, ambacho karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenza hukipata wakati fulani. Wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa baadhi kinabaki miaka na miaka, na aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi. Hapo umalaya unaingiaje?

Nilikwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Siku ya kwanza walinichora alama za wino tumboni na kwenye nyonga, wakaniambia nisizisugue nikioga. Kisha Jumatatu hadi Ijumaa nakunywa maji kibofu kijae, nalala bila kutikisika, mashine inazunguka dakika chache. Haiumi, haiunguzi kama moto. Mara moja kwa wiki kemo ya sisiplatini na dripu nyingi za maji, kwa sababu dawa hiyo inagusa figo. Hizo chupa za mizizi ambazo ndugu wataleta, mama asinywe bila daktari kujua. Mwishoni ni mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi. Wengine huondoka kabla ya hapo kwa kuwa damu imekata na wanajiona wazima. Asiondoke. Tiba yote inatakiwa iishe ndani ya wiki 8 hivi, na kuikatisha kwa ajili ya msiba au mavuno kunapunguza nafasi ya kupona. Nauli na malazi ikiwa shida, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, waulizeni kuhusu msamaha wa gharama.

Kuna ya aibu, nayaandika. Hedhi hukata, joto la usiku linakuja, uke unabana. Kuna kifaa cha kuutanua taratibu, kiombeni. Na mume aelezwe mapema.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki, daktari kanikagua, hajaona kitu. Nashona. Sare za shule za Januari nimeshona mimi, na walioniandalia msiba wamezilipia.

Sasa nanyi mnaosoma mkidhani haya ni ya wengine. Ukifika miaka 30 kapime, na mwenye VVU aanze 25. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama panapogeuka peupe. Mabadiliko ya mwanzo hugandishwa au kuunguzwa kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, hayajawa saratani. Binti wa miaka 9 hadi 14 achanjwe; chanjo ipo nchini tangu 2018, na kuanzia 2024 ni dozi moja tu. Ila kipimo cha siki hakioni saratani ya mfuko wa uzazi wala ya ovari. Aliyekoma hedhi akaona damu, hata tone, au tumbo linalojaa wiki baada ya wiki na kushiba haraka, aende akapigwe ultrasaundi. Na ukiandikiwa dawa ya fangasi mara ya pili hujaangaliwa, kataa kuondoka. Waambie wakupandishe kitandani wakuangalie, au wakuandikie rufaa siku hiyohiyo.